Hewa na Makaa ya Mawe: Jibu kwa Waulizao "Nani Alikuwapo?"



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya jambo ambalo nimelinyamazia kwa muda, nikidhani litapita lenyewe. Halikupita, bali lazidi kuenea miongoni mwetu walimu, yaani kwa watu ambao watoto huwasadiki kwa kila neno.

Katika mkutano mmoja wa walimu nalieleza jinsi ninavyowafundisha wanafunzi wangu habari za hewa na za makaa ya mawe: ya kwamba hewa tunayovuta leo siyo ile iliyokuwapo mwanzo wa dunia, na ya kwamba makaa ya mawe ni miti na majani ya zamani za kale, yaliyozikwa kabla hayajaoza. Nalikuwa nimechora picha kubwa ya tabaka za nchi. Kabla sijamaliza, mwenzetu mmoja, mtu mzima na hodari katika kazi yake, alisimama akauliza, "Mwalimu, hayo mamilioni ya miaka unayoyataja, nani alikuwapo akaona?" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema twende kwenye jambo la pili, nalo lilikuwa mahudhurio ya watoto. Nikaikunja picha yangu nikaketi.

Sasa nataka kulijibu swali lile. Silijibu kwa sababu nalichekwa, maana mwalimu asiyeweza kuchekwa heri atafute kazi nyingine. Nalijibu kwa sababu shule yetu haiko mbali na barabara ipitayo malori ya makaa kutoka machimbo ya Ngaka, upande wa bonde la Ruhuhu. Makaa hayo hupelekwa viwanda vya saruji, na mengine hufika hata bandari ya Mtwara yakavuka bahari. Watoto wetu huyahesabu malori hayo wakienda kuteka maji. Je, yafaa mtoto aone mali ya nchi yake ikipita mbele ya macho yake kila siku, wala asijue ni kitu gani, kilipatikanaje, wala kinakwenda kufanya nini kikichomwa? Mtoto huyo ni kama mlinzi wa ghala asiyejua kilichomo ghalani.

Kwanza nilitazame swali lenyewe. Najua ya kuwa swali linalofanana na hilo limo katika kitabu cha Ayubu. Lakini humo aulizaye ni Mwenyezi Mungu, naye aliuliza ili mwanadamu anyenyekee, si ili mwanadamu aache kutazama. Mwenzetu amelitwaa swali la Mungu akalitumia kufunga kitabu cha mtoto. Huo si unyenyekevu.

Tena sisi wenyewe hatuishi kwa sheria hiyo. Mbuzi akiibiwa usiku, hakuna aliyekuwapo ila mwizi. Lakini asubuhi wazee hufuata nyayo, hutazama manyoya yaliyonasa miibani na damu iliyodondoka njiani, ndipo baraza likakata shauri. Mzee akisimama hapo akasema, "Nani alikuwapo akaona?", watu hawampigii makofi. Huanza kumshuku kuwa amekula nyama ile.

Basi nyayo za dunia ni mawe. Ndani ya mawe mengi mna madini ya urani, nayo hugeuka polepole kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika, hata nusu yake ikawa imegeuka katika miaka milioni 4,470 hivi. Apimaye urani iliyosalia na risasi iliyozaliwa aweza kujua umri wa jiwe, kama vile mtu atazamavyo mshumaa uliosalia na nta iliyodondoka, akajua umewaka kwa muda gani. Mwaka 1956 Bwana Clair Patterson wa Marekani alipima risasi iliyomo katika vimondo, ndugu wa kile kimondo chetu cha Mbozi, akapata umri wa dunia kuwa miaka milioni 4,550. Wengi wamepima baada yake, na hesabu haikubadilika ila kidogo sana.

Sasa nije kwenye hewa. Hewa ya leo, tukiigawa sehemu 100, sehemu 78 ni naitrojeni, sehemu 21 kasoro kidogo ni oksijeni, iwezeshayo moto kuwaka na wanyama kuishi, na sehemu moja iliyobaki karibu yote ni agoni. Hewa ya ukaa, yaani ile itokayo katika moto na katika pumzi zetu, ni kidogo mno: katika sehemu 10,000 ni sehemu 4 na ushei tu. Hewa ya mwanzo haikuwa hivyo. Ilikuwa na naitrojeni, na mvuke, na hewa ya ukaa nyingi kupita ya leo, lakini oksijeni ilikuwa karibu haimo kabisa. Kama mmoja wetu angaliwekwa humo, angalizirai kabla hajamaliza kusali Baba Yetu.

Shahidi wa jambo hili yuko Witwatersrand, Afrika Kusini, kwenye machimbo ya dhahabu ambako wengi wa babu zetu kutoka pande hizi walikwenda kufanya kazi. Katika mawe yale ya dhahabu mna punje za piriti, madini ya chuma na kiberiti, ambayo hung'aa hata mtu asiyeijua akaidhani kuwa dhahabu. Punje nyingi zimeviringika kama kokoto za mtoni, maana zilibingirishwa na maji ya mito zaidi ya miaka milioni 2,700 iliyopita. Leo piriti ikibingirishwa mtoni, mahali penye maji na hewa, huliwa ikageuka kutu. Kule haikuliwa. Basi mito ile ilipita chini ya hewa isiyo na oksijeni. Lakini tangu miaka milioni 2,400 hivi iliyopita, kokoto za namna hiyo zatoweka, na mawe mekundu yenye kutu yaanza kuenea katika nchi kavu. Oksijeni ilikuwa imeingia.

Nani aliileta? Waliileta vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye rangi ya kijani na buluu, vilivyojua kuutumia mwanga wa jua kujilisha. Wajukuu wao wangali hai. Ndio chakula cha ndege heroe katika maziwa ya magadi kama Natron na Bogoria. Zama nyingi baadaye mimea ilipanda nchi kavu, ikaongeza kazi ile ile. Na kazi yenyewe yaweza kuonwa na kila mtu. Mwaka 1771 Bwana Joseph Priestley, aliyekuwa mhubiri wa Injili huko Uingereza, aliwasha mshumaa ndani ya chombo kilichofungwa hata ukazimika. Akatia humo tawi la mnanaa. Baada ya siku kadhaa mshumaa ukaweza kuwaka tena katika hewa ile ile. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, tabibu Mholanzi, akaonyesha kuwa kazi hiyo hufanywa na sehemu za kijani za mmea, tena penye mwanga tu. Mhubiri yule hakuona kuwa tawi la mnanaa limempunguzia Mungu wake utukufu.

Lakini hapa nasi tuifundishao elimu hii twakosea, nami nimekosea kwa miaka. Twawaambia watoto, "Miti hutupa oksijeni," tukaishia hapo. Sivyo hasa. Mti ukifa ukaoza, au ukachomwa, au ukaliwa na mchwa, huitwaa tena karibu oksijeni yote uliyoitoa siku za uhai wake, na hewa ya ukaa hurudi ilikotoka. Hesabu hulingana, hapana faida wala hasara. Basi oksijeni hii ya ziada ilitoka wapi? Ilitokana na wale waliokufa wasioze. Kila jani lililofunikwa na tope kabla ya kuoza liliacha angani oksijeni kidogo isiyodaiwa na mtu. Sehemu kubwa ya mazishi hayo imetawanyika katika mawe ya udongo yaliyokuwa chini ya bahari. Ile sehemu ndogo iliyokusanyika mahali pamoja ndiyo makaa, na mafuta, na gesi. Wazee walisema akiba haiozi. Hapa ni kweli zaidi kuliko walivyodhani: imekuwa akiba kwa sababu haikuoza.

Mwenye kutaka kuona kazi hiyo inavyoanza na atazame katikati ya Kongo. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza ya kuwa katika vinamasi vya bonde la mto huo mna mboji nyeusi iliyoenea kilomita za mraba 145,500, nayo yabeba ukaa wa tani milioni 30,000 hivi. Majani na magogo huanguka majini. Maji hayapitishi hewa ya kutosha. Vijidudu viozeshavyo havimalizi kazi yao. Na mboji huongezeka juu ya mboji kwa zaidi ya miaka 10,000. Mboji kama hiyo ikizikwa chini ya mchanga na udongo, ikakandamizwa na uzito na kupashwa moto wa ndani ya nchi kwa mamilioni ya miaka, maji hutoka, ukaa hubaki, ikawa makaa ya mawe. Mafuta ya petroli nayo yalipatikana kwa njia ya namna hiyo, ila waliozikwa walikuwa hasa viumbe vidogo vya majini.

Makaa yetu ya Ruhuhu ni ya zama ziitwazo Permiani, yapata miaka milioni 280 iliyopita. Chini ya tabaka za makaa hayo, katika bonde lilo hilo, mna mawe yaliyosagwa na kubebwa na barafu. Ndiyo, barafu, hapa petu! Wakati ule Afrika ilikuwa imeungana na Bara Hindi, na Australia, na nchi ya ncha ya kusini, tena sisi tulikuwa karibu na ncha hiyo kuliko leo. Na misitu ya zama zilizotangulia ilikuwa imezika ukaa mwingi hata hewa ya ukaa ikapungua, na joto la dunia likapungua pamoja nayo. Barafu ilipoyeyuka, vinamasi vikaota mti ambao jani lake lina umbo la ulimi, nao wataalamu huuita Glossopteris. Jani hilo limo katika mawe ya kwetu. Tena limo katika mawe ya Bara Hindi, ya Australia na ya Afrika Kusini.

Juu ya jani hilo iko habari ambayo ningependa kila mwalimu aijue. Mwezi wa Februari, mwaka 1912, Kapteni Robert Scott na wenzake walikuwa wakirudi kwa miguu kutoka ncha ya kusini ya dunia, wamechoka, wana njaa, na baridi imewala vidole. Njiani waliokota mawe yenye alama za mimea, uzito wake yapata kilo 16, wakayavuta pamoja na mizigo yao. Novemba ya mwaka ule watatu wa mwisho walikutwa hemani wamekufa, na mawe yalikuwapo pamoja nao. Ndani yake mlikuwa na jani la Glossopteris. Watu wale walikuwa katika kufa, lakini hawakulitupa jani lile. Sisi twalitupa tukiwa tumeshiba, tena kwa kicheko.

Wako wengine wasiouliza "Nani alikuwapo?" bali husema, "Hewa ni kubwa mno. Moshi wa watu utaifanya nini?" Hao nao nawajibu. Nusu ya hewa yote ya dunia iko chini ya kilomita 5 na nusu. Mtu akisimama kileleni Kibo, mita 5,895 juu ya bahari, zaidi ya nusu ya hewa yote iko chini ya miguu yake. Tukiifanya dunia kuwa ndogo kama chungwa, hewa ile iliyo nene itakuwa nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Hicho ndicho kitu kikubwa wanachokitegemea.

Tena tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Kilo 12 za ukaa zikichomwa huvuta oksijeni kilo 32 zikawa hewa ya ukaa kilo 44. Tuseme lori moja limepakia tani 30 za makaa, na katika hizo tani 18 ni ukaa halisi. Zikichomwa zitavuta oksijeni tani 48 na kutoa hewa ya ukaa tani 66. Barabarani zimepita tani 30; angani zimepanda tani 66. Mtoto wa darasa la sita aweza kufanya hesabu hiyo. Kwa nini basi tusimpe?

Na hewa imepimwa. Mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa katika barafu ya ncha ya kusini yaonyesha ya kuwa katika miaka 800,000 kabla ya viwanda, hewa ya ukaa haikuzidi sehemu 300 katika milioni. Kabla ya mwaka 1750 ilikuwa 280 hivi. Mwaka 1958 Bwana Charles David Keeling alipoanza kuipima juu ya mlima Mauna Loa, huko Hawaii, ilikuwa 315. Sasa imezidi 420. Na atakayesema kuwa nyongeza hiyo haikutoka katika makaa na mafuta, amejibiwa tayari: viumbe hai wana ukaa wa aina moja ambao nusu yake hupotea kila miaka 5,730, kwa hiyo katika makaa ya kale umekwisha kabisa. Mwaka 1955 Bwana Hans Suess alionyesha ya kuwa ukaa huo ulikuwa umepungua hewani, kama uji unavyopungua uzito ukitiwa maji. Aliyetia maji amejulikana.

Sisemi kwamba tutakosa pumzi. Oksijeni yapungua kwa vipimo, lakini ni nyingi mno, haitakwisha kwa ajili hiyo. Tatizo ni joto. Bibi Eunice Foote wa Marekani alionyesha mwaka 1856 ya kuwa chupa yenye hewa ya ukaa hupata joto juani kuliko chupa ya hewa ya kawaida, na mwaka 1859 Bwana John Tyndall akaanza kupima jinsi hewa za namna hiyo zinavyolizuia joto lisitoke. Dunia imekwisha kupata joto zaidi ya digrii moja kupita ilivyokuwa kabla ya mwaka 1900. Na kwa kila digrii moja hewa hubeba mvuke zaidi, kama sehemu 7 katika 100, na mvua kubwa ikinyesha hunyesha kwa nguvu zaidi. Mkulima mwenye shamba la mtelemko hahitaji nimweleze maana yake.

Tena jambo hili limewahi kutokea pasipo mkono wa mtu. Mwisho wa zama zile zile za Permiani, miaka milioni 252 iliyopita, moto wa chini ya nchi ulipasua Siberia ukapita katika tabaka za makaa, ukazichoma. Hewa ya ukaa ilizidi, joto likapanda, bahari ikapungukiwa oksijeni. Katika kila aina 10 za viumbe vya baharini, zaidi ya 8 zilikoma. Mifupa ya wanyama wa nchi kavu walioishi kabla ya msiba ule yapatikana katika bonde letu la Ruhuhu, juu ya tabaka za makaa. Waulizao nani alikuwapo na waende wakaitazame.

Wako wa tatu, nao nawaheshimu zaidi. Wao husema, "Haya ni madhambi ya Ulaya, na Marekani, na Uchina. Wamechoma makaa yao wakatajirika. Sasa watuambia sisi tusichome?" Neno hilo lina haki ndani yake, wala silikatai. Bara letu zima halitoi hata sehemu 5 katika 100 za hewa ya ukaa itokayo katika makaa, mafuta na gesi. Wala mimi sisemi kwamba kijiji kikae gizani ili mji wa mbali upoe. Nasema hivi: anayekwenda barazani kudai haki yake lazima aijue hesabu yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tukiwalea watoto wasiojua makaa ni nini wala hewa imekuwaje, nani atakayesimama kesho kuwadai waliotangulia kuichoma akiba? Na siku nchi yetu itakapokata shauri juu ya makaa yaliyobaki Ruhuhu na Kiwira, kama yachimbwe au yaachwe, nani atakayekata shauri kwa kujua? Kutokujua hakumfanyi mtu kuwa hana hatia. Humfanya kuwa mtu wa kuamuliwa na wengine.

Basi, walimu wenzangu, siwataki ninyi mfanye jambo kubwa. Chukueni chombo cha kioo, mshumaa, tawi la mnanaa na bonge moja la makaa. Vyote vyapatikana kwa bei ndogo. Wapeni watoto hesabu ya lori. Waambieni ya kuwa pumzi waliyovuta asubuhi ilitayarishwa kwa mamilioni ya miaka na viumbe waliozikwa, na ya kuwa Mungu hakuona aibu kufanya kazi polepole. Imani inayoogopa jani la mti haijawa imani bado.

Nawe, mwenzangu uliyeuliza nani alikuwapo, sina kinyongo nawe. Wakati miti ile ilipozikwa, ni kweli, hapana mtu aliyekuwapo. Lakini sasa akiba ile inatolewa ardhini na kuchomwa, na miaka mingi ijayo watoto watasoma habari za siku hizi wakaliuliza swali lako lile lile: nani alikuwapo akaona? Jibu lake halitakuwa gumu. Tulikuwapo mimi na wewe, tukiwa walimu.

Ni mimi mwalimu mwenzenu,
Ruvuma.